Uchambuzi

Mhariri ataka maneno mia tano na alama juu ya kumi.
"Wenzako wameshamaliza," kaniambia, "umebaki wewe."
Nimewasoma wenzangu. Mmoja kaipa tisa, kalia na machozi,
ati gemu imemrudisha utotoni na viatu vyake miguuni.
Mwengine kaipa nne: utoto si hoja,
na kupigana kwa zamu kumepitwa na wakati,
adui kasimama kama mtu kwenye foleni ya benki
akingoja kwa adabu kukatwa kichwa.

Mimi niko Wete, ghorofani, Jadida.
Feni inakwaruza, na chini uani
shangazi yangu Bi Mize anaanua karafuu,
maana wingu la upande wa Ole limeshageuka rangi.

Banda la Mbarouk lilikuwa na televisheni moja ya kisogo kirefu.
Dakika ishirini, shilingi mia.
Wengine walicheza mpira: mpira una mabao mengi kwa mia moja.
Mimi na Shaame, wapumbavu wawili, tukachagua ile ya Kijapani
ambayo hupigi mpaka zamu yako ifike,
na zamu ikingojwa inakula pesa.
Herufi hatukujua hata moja.
Neno la kwanza upanga, la tatu dawa, la nne kukimbia:
tulijifunza kwa kuwazika mashujaa wetu.
Yule tabibu wa nywele za buluu tulimwita Nesi Raya.

Na hizo mia zilitoka wapi? Kwenye kuchambua.
Usiku, kandili katikati,
karafuu huku, makonyo kule,
pishi kwa pishi, vidole vyeusi,
harufu haitoki kwa sabuni ya mche wala ya kunukia.
Mchambuzi nilikuwa kabla sijalisikia neno.

Siku ile joka la mwisho lilibakiwa na pumzi moja.
Zamu ilikuwa ya Shaame.
Umeme ukakatika.
Kadi ya kumbukumbu, ndivyo tulivyoiita, kadi ya kumbukumbu,
Mbarouk kaiuza Chake pamoja na mashine
kabla mfungo mosi haujaandama.

Sasa hii mpya. Haya, kwa haki:
miraba ni ya zamani, vivuli vya miti ni vipya;
fidla zimepigwa na watu wenye mikono;
sura ya tatu ni uji ulioongezwa maji mara mbili;
mfalme mjinga, na binti yake anajua neno moja tu, "baba".
Mapigano sina ugomvi nayo.
Anayeona zamu ni uvivu
hajacheza bao na mtu anayemchukia.

Ila kuna jambo hawakuliandika, wa tisa wala wa nne.
Utoto unaorudishwa humu una zulia,
una mashine yake wenyewe, una Jumamosi nzima.
Hakuna anayekupumulia shingoni: toka, dakika zimekwisha.
Hakuna Mbarouk na saa yake ya mkononi
iliyokuwa mbele kila siku, na sote tukijua.
Nimeitafuta saa ile mapango yote ishirini.

Nimempelekea Shaame habari. Yuko Maskati, anaendesha lori la maji.
Kanyamaza siku mbili.
Kisha: "Lile joka. Si ilikuwa zamu yangu?"

Nimeandika sita. Nimefuta.
Nimeandika saba, nimeitazama, nayo imenitazama.
Matone ya kwanza yanagonga bati la jikoni
na Bi Mize ananipigia kelele nishuke na gunia,
karafuu zimeshaingia ndani, sasa makonyo,
yasilowe, kiwanda kinayataka,
"hata humo mna mafuta, we mtoto, au umesahau?"

Simu ya mhariri inalia juu ya meza.
Nashuka.